Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mita ya luku

Habari zenu wote. Mi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, nasoma Dar ila kwetu Morogoro, na nimeona niandike kidogo jinsi nilivyoingia kwenye haya mambo ya kompyuta maana kila nikijitambulisha kwamba napenda kompyuta mtu anauliza hapo hapo kama natengeneza websaiti, au ananipa simu nimtolee paswedi. Hizo kazi zina watu wake na nawaheshimu sana. Mi kilichonishika ni zile kompyuta ndogo ambazo hazina kioo kikubwa wala kibodi, zimejificha ndani ya vitu, kwenye mita, kwenye mashine ya kufulia, kwenye rimoti, kwenye pampu ya kisima, zinafanya kazi moja tu usiku na mchana mwaka mzima na hamna anaezikumbuka mpaka siku zigome. Na ya kwanza kabisa kuijua ilikuwa mita ya luku, ile ya umeme wa kulipia kabla, ya nyumba tuliyopanga.

Ile nyumba ilikuwa ya wapangaji wengi, vyumba vimetazamana na uwa katikati, mbele kuna fremu moja ya saluni, na mita ni moja ya wote. Uniti zikikaribia kuisha michango inapita chumba kwa chumba, anatumwa mtu kwa wakala, alafu kazi ya kuingiza namba ilikuwa yangu maana mi ndo nilikuwa nasoma namba haraka bila kuruka. Tarakimu 20, unabonyeza taratibu, unamalizia na kitufe cha kukubali, mita inakaa kidogo, afu unasikia "ta!" ndani ya boksi na uwa wote unawaka. Watoto wenzangu wanapiga kelele wanakimbilia kwenye tivii, mi nabaki pale pale nimeitumbulia macho mita. Amejuaje huyu? Hana laini ya simu, hana waya wowote unaoenda kwa wakala, namba zimekuja kwenye kikaratasi tu, lakini anajua kabisa tumenunua uniti ngapi na nukta ngapi. Ukirudia zile zile anakataa. Ukichukua za nyumba ya jirani anakataa pia.

Nikamuuliza fundi umeme wa mtaani, mzee mmoja mpole sana ambae alikuwa hachoki maswali, tulikuwa tunamwita Babu Fundi. Akaniambia "mjukuu wangu, humo ndani kuna kompyuta, na hiyo 'ta' unayoisikia ni swichi inajifunga yenyewe, ila hiyo kompyuta inavyowaza mimi sikuisomea, kaisomee wewe uje unieleze." Babu Fundi alikuwa anajua kufunga nyumba nzima waya usiku wa giza, na hakuona tabu hata kidogo kumwambia mtoto kwamba hapa ndo mwisho wa ninachokijua. Walimu wengi nimepita kwao, lakini hilo neno lake la kaisomee uje unieleze ndo lilinipa kazi ya kufanya.

Shule sitasema sana. Kompyuta zilikuwepo, chache, na darasa lilikuwa kubwa kwaiyo mnakaa watu wengi kwenye mashine moja na anaeshika mausi ni mmoja. Kilichonisaidia ni fizikia ya kidato cha sita, nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, tulipofika kwenye elektroniki mwalimu akachora geti za AND, OR na NOT ubaoni, zile zinazopokea 0 na 1 na kutoa jibu la 0 au 1, akatupa majedwali ya kujaza. Wengi tulijaza kama mazoezi ya mtihani tu. Lakini mwalimu akaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye silabasi, kwamba hesabu za kweli na si kweli alizianzisha Mwingereza anaitwa George Boole huko miaka ya 1840 na 1850 bila kufikiria umeme kabisa, na ilipofika 1937 kijana wa Kimarekani Claude Shannon, mwanafunzi wa pale MIT, akaonyesha kwamba swichi za rilei, zile zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme, zikipangwa vizuri zinaweza kufanya hizo hesabu zote. Mwanafunzi! Tena thesisi ya masters. Nilivyosikia neno rilei nikarudi moja kwa moja kwenye "ta!" ya mita yetu, maana ndani ya mita ile swichi ni rilei, na kumbe kipande kile kile kinachokata umeme wa nyumba kinaweza pia kuwa tofali la kujengea akili ya mashine. Siku hizo nilikuwa nachora mizunguko ya rilei nyuma ya daftari la kemia.

Nikafika chuo. Mwaka wa kwanza tukapewa lugha ya C, ile aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale maabara ya Bell Labs Marekani mwanzoni mwa miaka ya 70, na wenzangu wengi walikuwa wanalalamika kwanini tusome lugha ya zamani hivo wakati huko nje watu wako kwenye Python. Python ni nzuri na mi naitumia kuchora grafu, sina ugomvi nayo. Ila C inakulazimisha ujue kitu kinakaa wapi na kina ukubwa gani. Ukisema namba hii ni ya biti 8, yaani nafasi nane za 0 au 1, basi ujue inaishia 255, ukiongeza moja inarudi sifuri, hamna wa kukuonya. Kwa mtu anaetoka kwenye laptopu yenye memori ya kumwaga hiyo inaonekana adhabu. Kwangu ndo raha yenyewe ilipo, kwa sababu vile vitu nilivyovipenda tangu mtoto vina nafasi ndogo sana. Ile bodi ndogo ya kujifunzia ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi tunaanzia nayo ina chipu ya ATmega328P, spidi megahezi 16, sehemu ya kuhifadhi programu kilobaiti 32 na memori ya kufanyia kazi kilobaiti 2 tu. Kilobaiti 2! Ujumbe mmoja mrefu wa grupu la familia unaweza kuimaliza. Na bado unaweza kuendesha nayo taa za barabarani, pampu, mashine ya kutotoleshea vifaranga. Kompyuta iliyowaongoza wale wanaanga wa Apollo 11 kushuka mwezini mwaka 1969 ilikuwa na visanduku 2048 tu vya memori ya kuandika na kufuta, kila kisanduku biti 16 ukihesabu na ile ya ukaguzi, na timu iliyoandika programu zake iliongozwa na mama mmoja, Margaret Hamilton. Kwaiyo mtu akiniambia hawezi kuanza kujifunza mpaka apate mashine kubwa huwa namuuliza anataka kwenda wapi mbali kuliko mwezini.

Sasa ngoja niwape ile kazi ambayo imenifundisha kuliko mtihani wowote.

Likizo moja nilirudi nyumbani nikakuta ugomvi wa umeme umefika pabaya. Wapangaji walikuwa wanamlaumu kaka mmoja mwenye sabufa, kwamba mziki wake ndo unamaliza luku, na yeye anasema hapana ni friji la mama wa chumba cha kona, na mama wa friji anasema ni saluni, dada wa saluni nae anasema yeye anachangia zaidi kuliko wote sasa asumbuliwe nini. Kila mtu na hoja na hamna hata mmoja mwenye namba. Mama yangu akaniambia "si unasomea umeme baba, tusaidie tusije tukahasimiana humu."

Ukiiangalia mita ya luku vizuri utaona kuna kataa (taa ndogo) kekundu kanapepesa, na pembeni au chini yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kila uniti moja ikitumika hako kataa kanapepesa mara 1000, kwaiyo kupepesa mara moja ni watt moja kwa saa moja, sehemu ya elfu ya uniti. Wengi tunapita hapo kila siku tunaona ni taa ya urembo. Kumbe ile ni mita inaongea hadharani, inatangaza matumizi yako papo kwa papo kwa yeyote mwenye saa ya kuhesabu. Hesabu yake ni rahisi, unachukua 3600 unagawa kwa sekunde zilizopita kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, unapata watt kama mita yako ni ya 1000. Ikipepesa kila baada ya sekunde 3.6 basi nyumba inakula watt 1000. Ikipepesa kila baada ya sekunde 36 ni watt 100. Mita nyingine zimeandikwa 1600, hapo unaanza na 2250 badala ya 3600, na yenye namba nyingine yoyote unagawa 3600000 kwa hiyo namba ndo upate pa kuanzia.

Nikachukua sensa ya mwanga, ile LDR ya bei ndogo sana niliyonunua Kariakoo, nikaiweka kwenye kipande cha mrija mweusi ili mwanga wa nje usiingie, nikaibandika kwa tepu mbele ya kataa bila kugusa chochote cha mita wala waya wake. Hili nalisema kwa msisitizo, mita haifunguliwi, ina sili na ni kosa la jinai kuichezea, na hamna haja hata kidogo maana taarifa yote inatoka nje yenyewe kwa mwanga. Kutoka kwenye sensa nikaingia Arduino, pini namba 2, kwa sababu hiyo ni moja ya pini mbili za Uno zenye interapti ya nje. Yaani badala ya programu kukaa inachungulia kila saa kama taa imewaka, inaendelea na shughuli zake na taa ikiwaka chipu yenyewe inaishtua, inaandika muda, inarudi ilipokuwa. Wanaosoma uhandisi wa kompyuta watanielewa, hiki ni kitu kinafundishwa kwa kipindi kimoja tu darasani na unaona ni stori, lakini siku umekishika kwa mkono, taa inapepesa ukutani na namba inaruka kwenye kioo cha simu yako wakati huo huo, unahisi kabisa umeongea na mashine.

Basi jioni moja nikawaomba wote wazime kila kitu, tukawasha kimoja kimoja watu wamekaa kwenye viti uwani wanaangalia. Sabufa, ambayo ilikuwa imetukanwa mwaka mzima, ilipowashwa ile taa ilikaa kimya muda mrefu mpaka watoto wakasema imeharibika, ikaja kupepesa, tukahesabu, watt arobaini na kitu na mziki uko juu. Kaka wa sabufa alisimama akapiga makofi. Friji lilikuwa kama watt 120 hivi, lakini friji haliungurumi muda wote, linawaka linapumzika, kwaiyo nikaacha programu ihesabu usiku kucha nikapata kwamba linafanya kazi chini ya nusu ya muda. Draya la saluni lilipowashwa taa ikaanza kukimbia, ila dada alionyesha mwenyewe kwamba halikai muda mrefu kwa mteja mmoja. Alafu tukafika kwenye zile hita za kuchemshia maji ya kuoga, za kuchovya kwenye ndoo, kila chumba kinayo ya kwake na asubuhi zinawashwa zote kwa pamoja. Moja tu ilikuwa watt 1500. Taa ilikuwa inapepesa kila baada ya sekunde 2.4 kwa hita moja tu, na programu inahesabu bila shida. Uwa ukanyamaza kidogo alafu watu wakaanza kuongea kwa upole, na mama wa kona akasema basi maji tuchemshe kwa gesi na mchango tupange upya. Nimeona wakubwa wakibishana miezi na ikaja kutatuliwa na kataa kadogo na hesabu ya kugawanya, na hapo ndo nikajua kabisa mi nataka kufanya nini maishani.

Kuna jambo la kiufundi kwenye hiyo programu limenifungua macho sana. Arduino inahesabu muda kwa milisekunde tangu ilipowashwa na inaweka kwenye kisanduku cha biti 32. Kisanduku hicho kinajaa baada ya siku 49 na kidogo, kinarudi sifuri. Ukiandika programu kwa kulinganisha muda wa sasa na muda uliopangwa kuja, siku ya 50 kifaa chako kinachanganyikiwa na wewe ushasahau ulikiweka wapi. Ukiandika kwa kutoa, sasa toa zamani, kwa namba zisizo na hasi, hesabu inabaki sahihi hata kisanduku kikizunguka. Mistari ni ile ile, tofauti ni alama tu. Nilikuwa bado nalitafakari hilo ndo likaja suala la luku la mwaka 2024, na hapo swali la utotoni likajibiwa lote kwa mara moja.

Mnakumbuka mwaka huo ilitangazwa kwamba mita za luku zinafanyiwa maboresho, ukinunua umeme unapokea makundi matatu ya tarakimu 20, unaingiza la kwanza, unaingiza la pili, alafu la tatu ndo la uniti, na mwisho wake ni tarehe 24 Novemba 2024, usipofanya mita haitapokea tena tokeni mpya, yaani zile tarakimu 20 za kununua umeme. Mtaani kila mtu na tafsiri yake. Wengine wanasema ni njia ya kupandisha bei, wengine eti mita zinawekewa kamera. Mi nikaenda kusoma jinsi tokeni inavyotengenezwa, huu ni mfumo unaoitwa STS, ulianzia Afrika Kusini na sasa unatumika nchi nyingi sana duniani, na maelezo yake yako wazi.

Zile tarakimu 20 ni biti 66 zilizoandikwa kwa namba za kawaida. Ndani yake kuna biti za kusema hii ni tokeni ya aina gani, biti 4 za kubahatisha, biti 16 za kiasi cha uniti, biti 16 za kukagua kama namba imeingizwa sawa, na biti 24 ambazo ni namba ya utambulisho wa tokeni. Hiyo namba ya utambulisho ni muda, dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1993 mpaka tokeni inatengenezwa. Alafu karibu zote zinafungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako tu. Kwaiyo ndo maana ya jirani haiingii, kufuli ni lingine. Na ndo maana ukirudia zile zile inakataa, mita inakumbuka namba za dakika ilizokwisha kupokea. Na ndo maana haihitaji intaneti, ujumbe wote umebebwa na kikaratasi na miguu ya mtoto aliyetumwa dukani. Nilivyoielewa hii nilikaa kitandani hosteli nikacheka peke yangu kwa furaha, sikuwa na wa kumwambia saa hizo. Watu waliofikiria hii walitengeneza mtandao usiohitaji mtandao, na unafanya kazi hata pasipo na minara ya simu nzuri.

Sasa biti 24 zinabeba namba 16777216 tu, kuanzia sifuri. Gawa kwa dakika 1440 za siku unapata siku 11650 na kitu, yaani karibu miaka 32, anza kuhesabu kutoka Januari 1993 unaangukia 24 Novemba 2024 yenyewe. Hamna kamera hapo. Ni kisanduku kimejaa, tatizo lile lile la Arduino yangu ya siku 49, isipokuwa hili lilikuwa la mita za nchi nzima na nchi nyingine nyingi kwa tarehe moja. Suluhisho lilikuwa kuzipa mita ufunguo mpya na kuzifutia kumbukumbu ya tokeni za zamani ili hesabu ianze upya kutoka mwaka 2014, na kwa mita hizi ufunguo una biti 64 wakati tokeni moja inabeba nusu tu ya ufunguo pamoja na taarifa nyingine, kwaiyo ikabidi yawe makundi mawili. Kila kitu kina sababu. Likizo hiyo nilimwandikia Babu Fundi hesabu yote kwenye karatasi, nikamweleza kama alivyoniambia, akaisoma polepole na miwani yake afu akauliza swali moja tu, "na hiyo ya 2014 itajaa lini?" Nikamwambia 2045. Akasema basi tuwaandae vijana wa kuishughulikia.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia sana haya mambo ya namba kujaa kwenye nafasi yake, na yako mengi kuliko watu wanavyodhani. Roketi ya Ariane 5 ya Ulaya iliharibika angani tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 tu tangu ianze safari, kwa sababu programu ilijaribu kuingiza namba kubwa ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Kompyuta nyingi za mfumo wa Unix zinahesabu sekunde kutoka 1 Januari 1970, na zile ambazo bado zinatumia biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Vifaa vingi vidogo vilivyofungwa ukutani leo vitakuwa bado vipo 2038, na watakaoviandikia marekebisho ni sisi tulio darasani sasa hivi. Naliongea hili kwa wenzangu kila nikipata nafasi maana naona tunakimbilia sana vitu vinavyong'aa na hivi vya kimya kimya vinakosa watu.

Kuhusu vitendea kazi, laptopu yangu ni ya mtumba, memori giga 4, nimeweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni bure na ni nyepesi, na pia kwa sababu unaweza kufungua ndani ukaona kila kitu, toka ile siku ya Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipowaambia watu kwamba anatengeneza mfumo kama jambo la kujifurahisha tu. Uzuri mwingine ni kwamba maelezo yake mengi yanakaa ndani ya mashine. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilivyokatika na intaneti ikawa haishikiki huku kwetu, mi niliendelea kusoma na kuandika programu, nilikuwa nimeshapakua datashiti zote, yaani vitabu vya maelezo, za chipu ninazotumia. Datashiti ya ATmega328P ina mamia ya kurasa na Kiingereza chake kigumu, lakini ukizoea kuisoma huhitaji tena kubahatisha kwa kunakili programu za watu. Nasoma ukurasa, naandika kwa Kiswahili changu pembeni, najaribu kwenye bodi. Wale mafundi simu wa Kariakoo nao ni chuo kingine, kaa pembeni ya fundi mmoja mchana mzima uone anavyofuatilia hitilafu kwenye bodi ya simu kwa mita ya kupimia tu, anaanza kwenye chaji anafuata njia ya umeme mpaka inapokatikia. Mpangilio ule wa kutafuta tatizo sijaukuta umeandikwa vizuri kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Kwa sasa ninachokifanya ni kitu cha mashine za kusaga. Kule kwetu mashine nyingi zinaendeshwa na mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, na fezi moja ikipotea wakati mota inazunguka, mota haisimami, inaendelea kwa fezi mbili, mkondo unapanda, inapata moto mpaka inaungua. Mwenye mashine anapoteza mota na kijiji kinakosa unga. Kinga zipo na ni nzuri, ila mashine nyingi nilizotembelea hazina au zilishatolewa. Nataka kifaa kidogo cha bei nafuu chenye sensa tatu za mkondo, zile za kubana kwenye waya bila kuukata, kinapima kila fezi na kikiona moja imelala kinafungua kontakta, ile swichi kubwa ya mota, haraka na kuandika kwa Kiswahili kwenye kioo kidogo FEZI YA PILI HAINA UMEME, ili hata kijana anaesaga ajue amwambie nini fundi. Natumia chipu ya ESP32, ina kori mbili na inafika megahezi 240, nguvu nyingi kuliko ninavyohitaji. Umeme wetu ni hezi 50, wimbi moja ni milisekunde 20, kwaiyo nikisoma mara 2000 kwa sekunde napata vipimo 40 kwa kila wimbi, vinatosha kupata mkondo wa kweli. Kinachonipa kazi ni kwamba kipimaji cha ndani cha ESP32 hakisomi sawa sawa volti za chini sana na za juu sana, lazima nikisahihishe kwa kulinganisha na mita ya maabara, na pia mota ikianza inavuta mkondo mara tano mpaka nane ya kawaida kwa muda mfupi, kifaa kisije kikadhani ni hitilafu kikakata kila asubuhi.

Kama kuna mtu humu ana mashine ya kusaga au ni fundi wa mota, naomba uniambie mota zenu huwa zinachukua muda gani kutulia baada ya kuwashwa, na kama mnatumia sta-delta, yaani kuwasha kwa hatua mbili, au mnawasha moja kwa moja. Nina vipimo vya maabara lakini mota ya maabara haina mahindi ndani.